Mioyo Minane na Joto la Beni

Mama Kyakimwa hapigi simu kabla ya saa mbili asubuhi isipokuwa kuna msiba au karatasi imekwama kwenye printa. Juzi alipiga saa moja na nusu, na kwa namna alivyoanza na salamu ndefu nikajua si karatasi. Aliuliza habari za watoto, akauliza mvua, akauliza mgongo wangu, kisha akasema: "Mashini imekufa, mwanangu. Ile ya zamani. Kuya we mwenyewe. Leo hapana tuma mutu." Nikamwambia nitakuja. Nikakata simu, nikabaki nimekaa kitandani na kiatu kimoja mguuni.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, nakiri. Nikifunga duka narudi kuvuta kufuli mara mbili, na mara ya tatu namwomba mwingine avute kwa niaba yangu. Lakini katika hofu zangu zote, hofu ya mashine ile ndiyo kongwe kuliko zote. Kwa miaka kumi imefanya kazi ya kuunganisha filamu za harusi katika studio ya Mama Kyakimwa hapa Mulekera, mjini Beni, mwendo wa dakika kumi kwa pikipiki kutoka dukani kwangu, na kwa miaka kumi sikuwahi kuifungua. Feni ilipochoka, nilituma mfanyakazi. Vumbi lilipoijaa, nilituma mfanyakazi. Mama Kyakimwa alidhani ni maringo ya mwenye duka, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa kuwa maringo yana heshima kuliko sababu yenyewe. Nilikuwa naogopa kifuniko chake. Kwa ndani kulikuwa na maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu, na maneno hayo yalikuwa uongo. Chini yake, sikuwa na shaka, Kakule, mwanafunzi mwenzangu wa zamani, alikuwa ameandika ya kwake.

Ili mambo yaeleweke inabidi nirudi Butembo, mtaa wa Kimemi, katika mwaka niliojifunza ufundi. Karakana ya Papa Paluku ilikuwa chumba kimoja cha mbao nyuma ya nyumba yake, meza mbili, dirisha moja, na ukuta mwembamba uliotutenga na jiko la mke wake, Mama Masika. Harufu ya sombe, majani ya muhogo, ilipita kwenye nyufa za mbao ikachanganyika na harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, na mpaka leo nikila sombe nasikia kama pua inatafuta moshi ule mwingine. Asubuhi ukungu uliingia dirishani bila kubisha, na vidole viliganda hata tukawa tunavipasha juu ya mashine zenyewe. Papa Paluku alikuwa mfupi, alivaa koti majira yote, na kwa kazi ndogondogo alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Alikuwa ameanza na redio, kabla ya kompyuta kufika kwetu, na redio zilimfundisha kumwogopa fundi aliyetangulia kuliko kitu chochote. Ndiyo maana aliweka sheria moja katika karakana yake. Kila anayefungua mashine aandike ndani ya kifuniko, kwa kalamu ya wino usiofutika kwa maji: alikuta nini, alifanya nini, jina lake nani.

"Hapana funga mashini mbele ya kuandika," alikuwa akisema, na kwetu mbele ya maana yake ni kabla ya, akitugonga mabegani kwa bisibisi. "Na kama umekosea, andika umekosea. Chuma haina haya."

Tulikuwa wanafunzi wawili. Kakule alitoka milima ya Lubero, mrefu, mwenye mkono usiotetemeka na sweta moja la kijani alilolivaa mpaka viwiko vikatoboka. Alicheka polepole, kama mtu anayehakikisha kwanza kwamba kichekesho ni cha kweli. Mimi nilitoka Beni, na kwa sababu hiyo aliniita dada wa Beni, kwa utani, kila nilipolalamika baridi. Tulipendana kama ndugu wanaogombea sahani moja. Alinifundisha kunyoosha waya uliopinda bila kuuvunja, nami nilimfundisha kuongea na wateja bila kutazama viatu vyake.

Katikati ya mwaka mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akileta mizigo kutoka Dubai alimpa Papa Paluku katoni, malipo ya kazi fulani ya zamani. Ndani mlikuwa na mbao mbili kubwa za saketi na, zikiwa zimevingirishwa katika soksi za mtoto, prosesa mbili. Prosesa ni ile sahani ndogo, haizidi biskuti, inayofikiri kwa niaba ya kompyuta nzima. Hizi zilipotengenezwa zilikuwa za kifalme, za watu wasiouliza bei. Zilipotufikia zilikuwa tayari zimezeeka na huko zilikotoka watu walishazitupa, lakini sisi tuliokuwa tukifufua mashine za maofisini zilizochoka tulizitazama kama watu wanaotazama maharusi. Papa Paluku alivaa miwani yake yote miwili. Hakuna aliyesema neno mpaka Mama Masika alipouliza kutoka jikoni mbona kumekuwa kimya, kuna aliyekufa?

Tulizipa majina siku hiyohiyo. Ya kwanza tuliiita Ya Miguu, kwa sababu chini yake ilikuwa na mamia ya miguu ya dhahabu, myembamba kuliko sindano, na ukipinda mmoja tu unatoa jasho asubuhi nzima kuunyoosha. Ya pili tuliiita Ya Madoa: chini yake palikuwa laini, madoa tu ya dhahabu, na miguu ilikuwa kwenye kiti chake juu ya ubao. Kwa hiyo haikuwezekana kubadilishana viti. Kila moja ilikwenda na ubao wake kama mke na sufuria zake. Ya Miguu ilikuwa na mioyo minane. Ndivyo tulivyosema, mioyo, maana Kifaransa cha vitabu vyetu ndicho kilichosema hivyo. Ya Madoa ilikuwa na minne tu. Mtu wa sokoni angechukua minane na kwenda zake akipiga mluzi. Lakini mioyo ile minane ilikaa miwilimiwili, na kila miwili ilikula sahani moja, hivyo kazi nyingine zilipokuja mmoja ulisubiri mwenzake umalize. Ile minne ya mwenzake kila mmoja ulikuwa na sahani yake, tena ulijua kushika kazi mbili kwa zamu. Ukiipa kazi moja ngumu, Ya Madoa ilitangulia. Ukiipa kazi inayogawanyika vipandevipande, kama kuunganisha filamu, Ya Miguu ilitangulia, ila ilikunywa umeme kama mtu aliyetoka kufunga, na ilitoa joto. Papa Paluku alinipa mimi Ya Miguu na Kakule akampa Ya Madoa. Hakueleza kwa nini.

Sababu niliisikia siku mbili baadaye, nikiwa nimechuchumaa karibu na ukuta natafuta skrubu. Papa Paluku alikuwa jikoni akinywa chai. "Nitafungua boutique ya mashini Beni," alimwambia mkewe, "pale Mulekera. Iko mama moja anaunganishaka filme za ndoa, anataka mashini ya nguvu. Njo atakuwa client wa kwanza." Mama Masika akauliza nani atakwenda kuishika. "Batashindana. Mwenye mashini yake itashinda, yeye njo ataenda na funguo." Kijiko kikazunguka kikombeni, kisha Mama Masika akanitaja jina, "Kahambu ni mwanamuke." Papa Paluku akajibu, "Mashini haijue ile."

Nilibaki pale chini na skrubu mkononi. Niseme wazi nilichokitaka, kwa kuwa mengine yote yalitokana nacho: niliutaka ule ufunguo. Katika maisha yangu sikuwa nimemwona mwanamke mwenye ufunguo wa karakana. Niliwaona wenye funguo za maduka ya vitenge, za migahawa, za sakristia hata, lakini wa karakana, hapana. Kakule naye alikuwa na sababu yake. Alikuwa na mchumba, na wakwe hawakutaka kupokea mbuzi wa mahari kutoka kwa mtu ambaye bado anafagia kwa mwenzake. Nilijua hilo. Nililijua vizuri, maana barua za yule msichana alinisomea mimi, sentensi kwa sentensi, akiuliza hapa anamaanisha nini.

Namna ya kulinganisha ilikuwa ya Papa Paluku mwenyewe, wala sijaiona kwingine. Hakujali namba zilizoandikwa kwenye masanduku. Alichukua filamu moja ya harusi, ndefu, yenye nyimbo na maua yanayozunguka na majina yanayoruka, akatupa asubuhi mbili zinazofuatana. Siku ya kwanza yangu, siku ya pili ya Kakule, zote kuanzia saa moja. Jenereta ndogo ilitiwa petroli kutoka chupa ya maji iliyochorwa mistari, na saa ya ukutani ikawekwa mezani. Yangu ilimaliza katika muda wa saa mbili na dakika kumi. Ya Kakule ilichukua saa mbili na nusu, ila ilibakiza petroli ya vidole viwili katika chupa. Papa Paluku alitazama chupa, akatazama saa, akakuna kidevu. "Harusi haingojake," akasema mwisho. "Kahambu."

Lakini kulikuwa na namba ya tatu ambayo hakuna aliyeiuliza. Kwenye skrini, pembeni, niliwasha kipimo cha joto la prosesa, nami sikuondoa jicho hapo asubuhi nzima. Dirisha likiwa wazi, ukungu ukiingia, vidole vyangu vikiwa vimeganda, Ya Miguu ilipanda mpaka hamsini na nane. Nilijua karibu na sabini ingejizima yenyewe ili isiungue. Mashine zetu za maofisini hazikuwahi kutoa joto la kutisha, ndiyo maana Papa Paluku hakuwa na mazoea ya kulifikiria. Kakule alilelewa chini ya mablanketi mawili. Mimi nililelewa chini ya bati, Beni, ambako saa nane mchana hata mafuta ya kupikia huwa yamejiyeyusha yenyewe kwenye kopo. Hesabu haikunichukua dakika. Ilikuja yenyewe, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha kwa kusikia tu.

Siku hiyo mchana tulikula bugali wa muhogo na maharage, mimi na Kakule peke yetu, sahani katikati. Alikuwa ameshindwa na hakununa. Alimega tonge, akalichovya, akaniuliza, "Dada wa Beni, kule joto iko namna gani kabisa? Batu banasema hata mbuzi inatafutaka kivuli." Nilikuwa na tonge mdomoni. Ningeweza kumeza na kusema. Nililizungusha lile tonge huku na huku mpaka likawa maji, kisha nikasema, "Ni kawaida tu." Akacheka kwa ule upole wake. Jioni, kabla ya kufunga mashine, nilichukua kalamu nikaandika ndani ya kifuniko: *Imejaribiwa. Iko sawa kwa Beni. Kahambu.* Nilipuliza wino ukauke. Nilikaza skrubu zote nne, kisha nikazirudia.

Mashine iliondoka Jumatatu. Ijumaa Mama Kyakimwa alipiga simu, na kwa kuwa Papa Paluku alikuwa mgumu wa masikio aliweka sauti nje, tukasikia wote. "Papa, mashini yako inalalaka muchana kama mugonjwa. Asubuhi inatumika muzuri, saa saba inazima. Naiwasha, inazima. Niko na ndoa tatu hapa, babibi-harusi banakuya kuniketia ku mulango!" Papa Paluku aliuliza hili na lile, akauliza feni, akauliza umeme, akaishia kushika paji la uso. "Joto," akasema taratibu. "Ni joto. Namna gani sikuwaza joto?" Hakunitazama. Alijilaumu yeye, mzee mzima, na mimi nikamwacha ajilaumu.

Dawa ilikuwa moja, kupeleka Ya Madoa na ubao wake na kuviweka katika sanduku lilelile. Ila juma lile barabara ya Beni ilikuwa mbaya. Hatukuhitaji redio. Ukuta wa jiko ulituletea kila kitu: magari yamerudi, magari yanangoja askari wa kusindikiza, nani hajaonekana, nani amepigiwa simu ikaita tu. Papa Paluku aliweka ule ubao mezani, akasema, "Mashini ni ya Kahambu." Ilikuwa haki. Mwenye kazi huifuata kazi yake. Nilitazama mikono yangu. Nilitaka kusema nitakwenda, na maneno yakakaa palepale lilipokuwa limekaa lile tonge. Kakule akavua sweta lake, akalizungushia ubao, na prosesa akaitia katika kisanduku cha sabuni. "Nitaenda miye," akasema. "Niione ile joto basi."

Aliondoka asubuhi ya Jumamosi. Kufikia saa kumi alikuwa hajapiga simu, na simu yake haikuita. Mama Masika alipakua chakula cha jioni, akaweka sahani ya Kakule, akaifunika kwa sahani nyingine. Ndivyo alivyofanya kwa mtu aliye safarini. Jumapili baada ya misa watu walisema risasi zilisikika njiani na gari moja limekutwa limeachwa milango wazi. Mama Masika alikimwaga kile chakula, akapika kingine, akafunika tena. Mimi nilikwenda kwenye kituo cha magari ya Beni mara ya kwanza, nikarudi, nikaenda mara ya pili kabla viatu havijapoa. Kila kijana mrefu aliyeshuka alikuwa Kakule mpaka alipogeuza uso. Papa Paluku hakufanya kazi. Aliketi na miwani yake mkononi akinisemesha mambo ya redio za zamani, nami nilijibu ndiyo, ndiyo, nikihesabu kichwani: kama ningesema siku ya bugali, angekuwa hapa. Kama ningekwenda mimi, angekuwa hapa. Sikuweza kuitazama ile sahani iliyofunikwa. Nimezika watu tangu hapo, na nimelia ilivyopasa, lakini sijapata tena siku mbili kama zile.

Alirudi Jumatatu mchana, peku, suruali imekauka matope mpaka magotini. Mama Masika alipiga ukelele, akafunua sahani, akamsukumia. Kakule alikula yote bila kusema. Ndipo akasema kwa kifupi: gari lilisimama, watu wakakimbia, yeye akalala katika shamba la kakao na ubao kifuani tangu saa nane ya Jumamosi mpaka kulipopambazuka, kisha akatembea mpaka Beni, ambako mtandao wa simu ulikuwa umekatika. Mashine imepona. Papa Paluku alimvuta nje wakaongea wawili kwa muda mrefu karibu na tangi la maji. Sikusikia kitu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza niliposikitika kwamba ukuta wa upande ule ulikuwa wa matofali. Kakule aliporudi ndani alinikuta nimesimama kati ya meza mbili.

"Kahambu," akasema. Hakuniita dada wa Beni. "Ile joto. Ulijua?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo. "Bon," akasema, akachukua ufagio.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu vile kwa mtu aliyekuwa peku mbele yangu. Jibu ni dogo na baya: nilikuwa bado nautaka ufunguo. Cha ajabu, niliupata. Nilingoja kufukuzwa na badala yake Papa Paluku aliniita baada ya juma moja, akaniwekea ufunguo kiganjani, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mutu anayeona mbele," akasema, "njo anaweza kushika Beni." Nilidhani uzee umemchanganya. Kakule aliwekwa kwenye kazi za kufagia na kupokea wateja, kama mwanafunzi wa juma la kwanza, na Papa Paluku hakumpa tena mashine ya kufungua peke yake. Kufikia Krismasi alikuwa ameshakwenda Goma. Mchumba wake alisubiri mwaka mwingine mzima. Siku nilipopanda gari la kwenda Beni, Kakule ndiye aliyenibebea sanduku.

Papa Paluku amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na dukani kwangu sheria yake ingali ile ile. Nimefundisha watu saba kuandika ndani ya vifuniko. Kila nilipowatuma kwa Mama Kyakimwa walirudi wakiwa na adabu ya ajabu, wakinipisha mlangoni, na mimi nilijua kwa nini: wamesoma. Nililala nikiwaza jinsi wanavyonicheka. Mmoja alipoacha kazi nilikuwa na hakika ni kwa sababu ya kifuniko kile, ingawa aliniambia anakwenda kuoa.

Basi juzi nikaenda. Mama Kyakimwa amezeeka, anatembea kwa kushika ukuta, lakini aliniwekea chai na ndizi za kukaanga kama mgeni wa heshima, akaketi kando ya mashine kama anayelinda maiti. "Mwaka kumi," akasema. "Nimeozesha Beni muzima na hii." Niligusa sanduku. Lilikuwa baridi, nikatamani kuahirisha. Nikatoa skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa na kutu, ikanichelewesha, nami nikaishukuru. Kisha nikafungua kifuniko, nikakigeuzia dirishani.

Maneno yangu hayakuwapo. Palikuwa na doa jeupe pale alkoholi ilipopita, na ndani ya doa, ukiinamisha, kivuli cha *Iko sawa*. Chini yake, kwa ule mwandiko wake mrefu: *Mashini inajizima juu ya joto. Kahambu alinionyaka juu ya joto ya Beni, miye nikasahau kuambia Papa. Kosa ni yangu. Nimeweka Ya Madoa. Kakule.* Na chini zaidi, mmoja baada ya mwingine, wafanyakazi wangu: feni mpya, vumbi limetolewa, diski mpya, na majina yao. Miaka kumi walikuwa wamesoma kwamba bosi wao ni mtu aliyeonya mapema akapuuzwa. Papa Paluku alikufa akiamini hivyo. Mtu anayeona mbele.

"Aliandika akiwa amepiga magoti pale pale," Mama Kyakimwa alisema. "Alikuwa na matope mpaka mu masikio. Nilimwambia, nawa kwanza, kula. Akasema hapana, mashini haifungwe mbele ya kuandika."

Kwa hiyo aliponiuliza, pale kati ya meza mbili, alikuwa tayari ameandika. Alikuwa tayari amemwambia Papa Paluku. Hakuwa ananitega. Nililia mbele ya yule mama bila aibu, na yeye akasogeza chai ili machozi yasiingie. Kisha nikapiga simu Goma.

"Dada wa Beni!" Sauti yake imekuwa nzito. Nyuma yake nilisikia feni na watu wakibishana bei. "Wabukire?" akanisalimu kwa lugha yetu.

"Kakule, mashini ya Mama Kyakimwa imekufa."

"Kumbe ilikuwaka bado muzima?" Akacheka, polepole.

"Nimeifungua. Miye mwenyewe."

Wale waliobishana bei wakawa mbali. Alikuwa ametoka nje.

"Uliniuliza kama nilijua," nikasema. "Nilijua, Kakule. Tangu siku ya bugali. Nilijua na nikanyamaza, na ulipokwenda nikanyamaza, na uliporudi nikasema hapana."

"Najua," akasema. "Muzaliwa wa Beni anaweza kosa kujua joto ya Beni?"

"Sasa sababu ya nini uliandika vile?"

"Nililala mu ile kakao na mashini ku kifua. Mutu akitoka pale hana nguvu ya kugombania boutique. Nikasema achukue. Lakini nilikuuliza, sababu nilitaka kusikia ku kinywa yako. Ile tu, njo iliniuma. Mbuzi nilipata. Bibi nilipata. Ile tu."

Samahani niliyoitoa ilikuwa ndogo kwa miaka kumi. Aliipokea. Akaniuliza kama kalamu ninayo. Ninayo daima. Niliweka simu juu ya meza, sauti nje, nikapiga magoti pale alipopiga yeye, na chini ya jina la mfanyakazi wangu wa mwisho nikaandika: *Nilijua joto la Beni. Sikumwonya mtu. Kakule hakusahau kitu.* Herufi zikapanda mlima. Mama Kyakimwa alivaa miwani, akasoma kwa sauti neno kwa neno.

"Umeweka jina?" Kakule akauliza.

Nikainama tena, nikaandika *Kahambu*. "Nimeweka."

"Basi funga mashini, dada."